Kocha Aliyefundisha Kusimama

Kocha alikuwa na kitambi. Naanza na kitambi kwa sababu ndicho kilichotangulia kuingia uwanjani kila Jumamosi, kikafuatwa na kofia ya sufu, halafu mwenyewe akichechemea goti la kulia na kutugawia salamu za kwao, "Muga! Muga!" kana kwamba watu wote wa Embu walizaliwa Meru. Mtu asiyemjua angedhani ni mzee wa kuuza viazi aliyepotea njia. Siku yangu ya kwanza nilimuuliza kocha yuko wapi. Akanijibu, "Si huyu unamwangalia," kisha akaendelea kufungua kamba zake.

Jina lake silitaji. Analo, tena zuri, ila sikumbuki mzazi yeyote akilitumia. Watoto waliokuwa wakiongea walimwita Kocha, na wale wasioongea walimvuta sweta. Nasema watoto kwa mazoea tu, maana wengine walikuwa wameshaota ndevu. Wote walikuwa na usonji, na wote walikuwa wamewahi kuambiwa na shule fulani kwamba wakati wa michezo wakae kando wasije wakaumia au wakaumiza. Kocha aliwaazimia uwanja wa shule moja ya msingi hapa mjini, Jumamosi asubuhi, akawakimbiza, akawarukisha kamba, akawavutisha magurudumu ya gari. Kitambi chake hakikumzuia hata kidogo, kwa kuwa yeye mwenyewe hakukimbia kamwe.

Hakupuliza filimbi. Alikuwa nayo, ikining'inia shingoni kwa uzi mwekundu, lakini kazi yake ilikuwa kuwaonyesha wazazi wapya kitu ambacho hawatakisikia. Watoto wetu wengi wana masikio makali, sauti ndogo kwao ni msumari. Akitaka zoezi liishe alivua kofia na kuinyanyua juu. Upara wake ukionekana, basi, mambo yamekwisha. Nimewahi kumwona akivua kofia kanisani kwa heshima, na msichana mmoja wa kundi letu akainuka na kuelekea nyumbani.

Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule, na ndiyo sababu Kocha alinipenda haraka. Aliniagiza jezi za pamba zisizo na lebo shingoni, na mishono yote itokee nje ili isiwakwaruze. Nilimwambia watu watatucheka, watasema fundi Mama Wawira siku hizi anashona nguo ndani nje. "Wacheke," akasema. "Kwani ni wao watavaa?" Jezi yake Kocha ilikuwa ya kwanza, na niliishona mara mbili kwa sababu ya vipimo alivyonidanganya vya tumbo.

Huyo ndiye mtu ambaye hakuvumilia uongo wa mwingine. Hasa alichukia huu uongo wetu mdogo wa adabu, ambao hata hatuuhesabu kuwa uongo. Mtu anakwambia ni hapo mbele tu, nawe unatembea mpaka viatu vinaomba msamaha. Na ule mkubwa kuliko wote, "nakuja." Sisi watu wa huku tukitaka kuondoka tunasema nakuja. Unampa mtu mgongo, unaenda zako, na huku unamwambia unakuja. Miezi yetu ya mwanzo Kocha alimwambia binti yangu, "Wawira, nakuja," akageuka kwenda stoo kuchukua mipira. Wawira alimfuata, akamshika mabega, akamgeuza, akamsukuma hadi pale alipokuwa amesimama yeye Wawira. Si alisema anakuja? Basi aje.

Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Kocha naye alicheka. Tangu siku hiyo alipiga marufuku neno hilo uwanjani. Tulilazimika kusema "naenda, nitarudi," na nikayazoea maneno hayo kiasi kwamba hata dukani kwangu nilianza kuwaaga wateja hivyo, wakaniuliza kama nimeokoka upya.

Sasa niseme kilichonipeleka kwake, maana si jezi. Wawira alikuwa mkimbizi. Ukimwachilia mkono alitoka mbio, bila hasira, bila kulia, uso umetulia kabisa, na alikwenda moja kwa moja kule macho yake yalikoelekea. Nyumba yetu iko mtaa wa Majimbo, na magari hayako mbali. Mara moja dereva wa lori alishuka, akakaa kwenye ukingo wa barabara na kuniomba maji ya kunywa, huku binti yangu akiwa upande wa pili anachuma majani, mzima. Kwa hiyo nilimshika. Kwenda kanisani, sokoni, chooni kwa jirani, nilimshika kifundo cha mkono wa kushoto. Alipokuwa mdogo haikuwa shida. Lakini alianza kunipita urefu, kisha nguvu, na dawa alizopewa zikamnenepesha. Nilikuwa naona siku inakuja ambapo atautoa mkono wake mkononi mwangu kama mtu anayevua bangili, na hapo nitakuwa na njia mbili tu, ama kumfungia ndani, ama kumzika. Majirani nao walikuwa na methali zao. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, waliniambia, kana kwamba ulimwengu ni mwalimu wa zamu.

Baba Wawira, ambaye hununua mbuzi Kiritiri na kuwauza mjini, alipinga waziwazi.

"Wewe mama," akasema, "mtoto shida yake ni kukimbia. Na unampeleka akafunzwe kukimbia?"

Nilimpelekea Kocha swali hilo vile vile lilivyo. Akanywa chai yake yenye sukari ya kusimamisha kijiko, akajipangusa mdomo.

"Mwambie Baba Wawira kukimbia hata mbuzi zake zinajua. Mimi nafunza kusimama. Lakini huwezi kufunza mtu kusimama kama hakimbii. Atasimama kutoka wapi?"

Baba Wawira alisema huo ni ujanja wa Wameru. Lakini Jumamosi iliyofuata alitubebea magurudumu mawili kwenye pikapu yake.

Uvumilivu wa Kocha kwa watoto ulikuwa mrefu kuliko ibada ya Pasaka. Kwa sisi wazee wao haukutosha hata sala ya chakula. Akimfundisha kijana kuruka kamba angeweza kurudia jambo lile lile asubuhi nzima, bila kupandisha sauti, akionyesha kwa mikono, maana alisema maneno yakizidi mwili unachanganyikiwa. Lakini mzazi akichelewa alimgombeza mbele ya watu wote. Mwalimu mmoja alimwadhibu mtoto kwa kumzungusha uwanja mara nyingi, na Kocha alimwendea ofisini kwake, tukamsikia kutoka nje: "Kukimbia si adhabu! Ukimpiga mtoto na ugali, kesho atakula?" Na mgeni mmoja wa heshima alipokuja kugawa medali akiwa na gari la vipaza sauti, Kocha alizipokea medali, akashukuru, kisha akaenda kuchomoa waya mwenyewe.

Watu walinong'ona kwamba Kocha mwenyewe ana kitu kidogo. Kofia ile ile, kikombe kile kile, kamba lazima zianzie upande wa mlima. Siku moja alimsikia mama fulani akisema hivyo. Akamuuliza, "Kidogo tu?" na akaenda zake akiwa amefurahi sana.

Nilikuwa pale siku alipotegua kitendawili cha Wawira. Alikuwa amempangia njia ya kukimbia katikati ya kamba mbili, kutoka mlingoti wa bendera hadi kwenye magurudumu. Wawira alikimbia vizuri, mikono ikipepea. Kocha akiwa mwisho wa njia akasema, kwa sauti ya kawaida, "Wawira, simama." Wawira akayapita magurudumu, akampita Kocha, akafika kwenye ua. Wakarudia. "Wawira, simama." Akampita tena. Mimi pembeni nilikuwa na aibu, nikaongeza sauti yangu, "Wawira! Si umeambiwa simama!"

Kocha akaninyamazisha kwa mkono. Akarudia mara kadhaa, lakini sasa hakuwa anaitazama miguu ya Wawira, alikuwa anautazama mgongo. Akaja alipokuwa nimekaa.

"Mama Wawira. Huko shule, mwalimu akiingia darasani, anaambia watoto nini?"

"Simameni."

"Na wanafanya nini?"

"Wanasimama. Wanatoka kwa kiti."

"Sasa mwangalie mgongo."

Akaenda, akamwachilia Wawira mbio, akasema neno lile. Nami nikaona. Kila alipoambiwa simama, binti yangu alinyoosha mgongo, akainua kidevu, akawa wima kabisa kama mtoto mbele ya mwalimu mkuu, na akaendelea kukimbia. Aliambiwa asimame, na alikuwa amesimama. Alikuwa anatii. Miaka yote ile, barabarani, sokoni, mimi nikipiga kelele nyuma yake mpaka koo linakauka, alikuwa anatii. Niliweka uso kwenye leso nikalia, na sikuona haya. Kocha alikaa karibu nami kwenye nyasi, jambo ambalo goti lake halikulipenda, akasema polepole, "Hii Kiswahili tulipewa na shule. Hakuna mtu alituambia iko na mashimo." Kimeru chake na Kiembu changu navyo vina shimo hilo hilo, tulivijaribu pale pale, lakini nilielewa anachosema.

Kutafuta neno lingine kulimchukua muda. "Koma" alilikataa, akasema hilo ni tusi. "Ngoja" kwa Wawira lilimaanisha chakula hakijaiva. "Tulia" lilikuwa neno la kitandani. Baba Wawira alipendekeza la Kizungu, "stop", tukagundua kwamba Wawira alilijua kama jina la kituo cha matatu. Kocha alitaka neno lenye maana moja tu, lisilotumiwa nyumbani wala shuleni kwa kitu kingine kinachohusu miguu. Akaja Jumamosi moja na chupa ya gundi. Akavua kiatu, akaipaka soli yake, akakibandika kwenye ubao, akamwonyesha Wawira kwamba hakitoki. Wawira, aliyependa sana kubandika karatasi, alikivuta, akacheka. "Gundi," akasema Kocha. Basi ikawa hiyo. Walikimbia, akasema gundi, wakabandika miguu chini wote pamoja. Mshona viatu aliyekaa nje ya ua aliinua kichwa kila mara akidhani ameitwa na mteja, mpaka akazoea.

Sitasema ilikuwa rahisi. Kuna Jumamosi nyingi ambazo gundi haikushika. Mvua ilinyesha, ratiba ikavunjika, Wawira akajiuma mkono, tukarudi nyumbani wote tumelowa na tumenuna. Lakini mwili wake ulibadilika kwanza. Uzito ulipungua, alianza kulala usiku, na mimi nikalala, na mama aliyelala ni mtu mwingine kabisa. Muulize mume wangu.

Baada ya hapo Kocha alinigeukia mimi. Ilikuwa zamu yangu ya kufundishwa.

"Mama Wawira, hiyo mkono umeshika ni ya nani?"

"Ya Wawira."

"Basi mrudishie."

Nilimwambia siwezi. Nilimwambia yeye hajazaa mtoto wa kukimbilia malori, aniache. Hakubishana, jambo lililonishangaza. Alinipunguzia. Kwanza kidole kimoja badala ya kifundo. Halafu ncha ya leso, mimi nashika huku naye anashika kule. Halafu kutembea bega kwa bega uwanjani, kisha njiani nyuma ya shule ambako magari hayapiti. Kila nilipomshika tena kwa hofu, Kocha alikuwa hapo na mdomo wake. Aliniita polisi, aliniita pingu, mara moja akaniita kupe mbele ya mchungaji. Nilimnunia wiki nzima, nikamshonea kaptula na kuifupisha makusudi. Aliivaa hivyo hivyo.

Lakini barabara kubwa sikuwahi kuijaribu. Nilimwambia waziwazi, pale mkono ni wangu. Naye alisema, "Sawa. Lakini ujue hautaishi milele." Mtu mwingine angenikera. Yeye alisema tu ukweli, kama desturi yake, na ukweli huo nilikuwa naujua kila nilipozima taa.

Sukari ndiyo iliyomwondoa uwanjani. Yule mtu aliyewakataza watoto soda alikuwa anaficha peremende kwenye kofia, tuliziona zikidondoka. Hospitalini walimkata kidole cha mguu, kisha nusu ya mguu, naye akahamia Manyatta kwao mke wake, katikati ya majani chai na baridi. Kundi lilichukuliwa na mwalimu wa kike, kijana, mwenye mwili wa mwanariadha, asiyegombeza mtu. Wazazi wote walimpenda. Mimi pia nampenda, ila kuna Jumamosi nilitamani mtu aniite kupe.

Tulikaa muda bila kumwona. Nilikuwa na kazi, na nadhani niliogopa kumkuta amepungua. Hatimaye juzi, shule zilipofungwa na sare zikapoa, nilimshonea sweta isiyo na lebo, nikajaza kiondo parachichi na mayai, tukapanda na Wawira kwenda Manyatta. Sasa ni mwanamke mzima, ananipita kwa kichwa. Tuliposhuka kwenye gari, kiondo kilikuwa mkono mmoja, mfuko wa sweta na mwavuli mkono mwingine, na nilikuwa nikilalamika kwamba kondakta ametushusha mbali. Niliinua macho nikamwona Kocha. Alikuwa ametoka kutupokea. Alisimama ng'ambo ya barabara, karibu na geti lake, kwa magongo, kitambi kimekwisha, kofia kichwani.

Wawira alimwona kabla yangu. Alikuwa ameshaanza kukimbia.

Mikono yangu ilikuwa imejaa. Kutoka juu, kwenye kona, lori la majani chai lilikuwa linateremka, na madereva wa huko mkiwajua mnawajua. Nilifungua mdomo na hakikutoka kitu. Nilimtazama Kocha, nikitaka yeye aseme, yeye ndiye mwenye kazi hiyo, naye alikuwa kimya kama jiwe. Hakuinua mkono, hakutikisa kichwa.

Wawira alifika mwisho wa nyasi, pale lami inapoanzia, akasimama. Hakuna aliyemwambia. Lori likapita na upepo wake, sketi yake ikapepea, yeye hakusogea. Pikipiki ikapita. Akageuza kichwa upande huu, akakigeuza upande ule, bila haraka, kisha akavuka akitembea. Alipofika kwa Kocha hakumsalimu. Alimpita tu, akaenda kugusagusa majani ya ua wake moja moja.

Nilivuka na mizigo yangu. Nilidhani Kocha atacheka, au atamshukuru Mungu. Alinigeukia macho yamemtoka.

"Wewe mama! Uko na akili kweli? Barabara kama hii, na lori, unaachilia mtoto hivyo? Huna mikono?"

Sikuamini masikio yangu. Mtu huyu amenisumbua miaka na miaka nimwachilie, leo ananifokea kwa sababu nimemwachilia. Nikamwambia hivyo, tena kwa sauti, pale getini, majirani wakisikia. Akasema uwanja ni uwanja na barabara ni barabara. Nikamuuliza, basi mbona yeye hakumwita?

Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuweza kuyapangusa kwa sababu ya magongo. "Niliogopa," akasema. "Mama Wawira, niliogopa mpaka neno likapotea."

"Hata mimi lilipotea."

"Sasa nani alimwambia?"

Nikaweka kiondo chini, nikampangusa uso kwa leso yangu, na mambo ya heshima tukayaacha kwa siku hiyo. Mke wake akatuita kutoka mlangoni kwamba chai inapoa. Wawira alisikia neno chai, akaacha majani, akatangulia. Mimi na Kocha tulimfuata polepole, mwendo wa magongo. Nilikuwa nikiutazama mkono wa kushoto wa Wawira. Ulikuwa unaning'inia tu, ukibembea kidogo, mkono wa mtu yeyote anayeenda kunywa chai.